Diski ya Pili Kwanza

Ghorofa ya Tatu, Mlango wa Kijani,
Juu ya Duka la Miwani.
Jumapili, tarehe 19, alasiri.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu za kaka yako. Zimeshuka ngazi arobaini na sita kabla ya kuanza safari ya kuja kwako, kwa hiyo zikifika zinahema uzipe kiti. U hali gani? Kile kifua cha baridi kimepona? Na yule mwenzako wa chumba, bado anakoroma, au umeshazoea ukadhani ni mvua? Kazi ya usafi hapo maktaba inaendaje? Natumaini siku hizi wasomaji wanafuta miguu mlangoni.

Sisi huku... hapa ndipo huwa naandika "hatujambo" halafu naendelea na mengine. Leo naomba ruhusa yako nilizunguke kidogo neno hilo kabla ya kulikalia.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu ya Mama. Unayajua masikio yake. Magoti yamegoma, nyonga imegoma, lakini masikio yapo kazini, tena yanafanya na zamu za wenzao. Nikitoka na simu mpaka kwenye ngazi, nasikia kutoka ndani, "Unamwambia nini huko nje?" Sasa hivi ananiona naandika. Nimemwambia naandika orodha ya soli. Ameniuliza tangu lini orodha ya soli ikaanza na "mpendwa". Sijui ameonaje kutoka pale alipo, na miwani iko juu ya kabati.

Kitinda, mwezi wa tatu uliniuliza, "Kaka, nije mwaka huu au nisubiri mwakani?" Nikakujibu subiri tu, huku shwari. Haikuwa shwari. Mama alikuwa ameanguka bafuni siku kumi kabla ya hapo. Usishtuke, wala usiruke mistari kama ulivyokuwa unaruka ngazi. Soma mpaka mwisho. Yu hai, anakula, anagomba. Lakini nilikudanganya, na tangu siku ile kila "hatujambo" niliyokupa ilikuwa na kiraka.

Mfupa haukuvunjika. Nyonga ilipata mshtuko, akalazwa siku tisa. Siku ya kutoka tulimpandisha akiwa amekaa kitini, mimi nimeshika nyuma na Mheshimiwa ameshika mbele. Mheshimiwa ni jirani wa ghorofa ya pili, yule karani mstaafu wa mahakama, ambaye hata akiomba chumvi unahisi umehukumiwa. Tulipofika mbele ya mlango wake tulipumzika kwa muda mrefu mno, mpaka Mama akasema, "Kama ndiyo nimehamia hapa, nielezwe."

Tangu siku ile alikaa. Alikaa kweli kweli. Ukimwambia ajaribu kusimama, alikuwa na hoja ambayo hata Mheshimiwa hakuweza kuipangua. "Miaka thelathini na moja nimesimama mbele ya pasi, nikinyoosha mashuka ya hospitali nzima. Zamu yangu ya kusimama imekwisha. Sasa nakaa."

Hoja nzuri, ila haikuwa ya kweli. Siku moja nilimchungulia akiwa peke yake. Alishika mikono ya kiti, akajivuta mbele, vidole vikabadilika rangi. Kisha akaviachia, akaanza kupangusa mikono ya kiti kama vile alitaka kutoa vumbi. Ni woga, Kitinda. Neno hilo hajawahi kulitamka, na mimi sikuthubutu kumsaidia kulitamka.

Dada wa mazoezi, yule anayekuja kila wiki mbili na begi lake la mipira, hakunificha. Alinivuta pembeni akasema, "Kaka, msuli ukilala sana hauamki. Nitampima mwisho wa mwezi ujao. Asipoinuka mwenyewe na kupiga hatua chache, itabidi niandike kiti cha magurudumu." Na kiti cha magurudumu ghorofa ya tatu, nyumba isiyo na lifti, ni sawa na baiskeli juu ya mti. Mama asingeshuka tena hizo ngazi ila kwa kubebwa, na yeye kubebwa mara ya pili alishasema hataki.

Hapo ndipo kaka yako alipoanza kuzeeka kwa kasi. Kumtoa kitandani, kumweka kitini, kumpeleka chooni, kumrudisha. Mara sita, mara saba kwa siku. Kibanda changu cha kushona viatu nikawa nafunga saa tisa badala ya saa kumi na mbili. Nilichoka mpaka nikamshonea mwalimu mmoja soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia. Akatembea nayo wiki nzima, akidhani ni yeye aliyeanza kupinda.

Basi katikati ya hali hiyo likaja boksi lako. Soksi za kubana tulizipokea, asante. Mama amezivaa mikononi, anasema huko ndiko anakosikia baridi. Dawa ya kuchua tumeigawana, nusu nyonga yake, nusu mgongo wangu. Na zile diski ambazo maktaba yenu ilikuwa inazitupa, nakiri niliziona nikacheka. Nikajisemea, mdogo wangu ameishiwa, sasa anatutumia baleti, ngoma za jukwaani za Warusi. Mimi nimezoea kuona mpira na taarifa ya habari. Lakini uliandika kwenye kikaratasi, "Mama aburudike," na mgonjwa hanyimwi.

Tulianza na ile yenye picha ya wasichana waliovaa kama bata maji. Ina diski mbili. Sasa mwandishi wa yale maandishi, Mungu amsamehe, ametumia herufi ambazo nusu ni zetu na nusu ni zetu zimegeuzwa kisogo. Nikaichukua iliyokuwa juu, nikaitia kwenye deki.

Ilikuwa ya pili. Hatukujua. Tukaona karamu ya kifalme, kijana anadanganywa na msichana mwenye nguo nyeusi anayezunguka kama pia, mpaka mimi niliyekaa nikashika meza. Halafu ziwani, vilio, mchawi ananyofolewa bawa, mapambazuko. Kesho yake tukatia ile nyingine, tukaona kijana yuleyule anasherehekea siku yake ya kuzaliwa, kapewa upinde mpya, hana habari na lolote. Baadaye wale ndege wakatokea tena. Mama akasema, "Wamerudi kumtembelea. Watu wenye adabu."

Mheshimiwa alipogundua kosa, siku ya tatu, alitoa hukumu kwamba tulitazama kinyume. Mama alikataa rufaa. "Hivi ndivyo inavyoeleweka," alisema. "Kwanza tabu, halafu salamu, halafu sherehe. Nyie mnataka mtu aanze na sherehe amalize na mchawi?" Kwa hiyo nyumbani kwetu diski ya pili ndiyo ya kwanza, na ukija usijaribu kuwa mjuaji.

Hizo salamu nitakueleza, maana ndizo zilizobeba mambo yote. Lakini kwanza nikuchekeshe, maana barua imeanza kuwa nzito.

Wachezaji wale ukiwatazama hawana uzito, lakini ni jukwaa halisi, na chombo kimenasa kila kitu. Wakikimbia unasikia ko-ko-ko-ko, kama mbuzi juu ya bati. Mimi macho yangu yako miguuni, kazi ni kazi. Wanasimama juu ya ncha ya kidole, kwenye kiatu cha kitambaa! Nilidhani ndani kuna mti. Nimesimamisha picha mara nyingi nikikagua, na naamini ni tabaka za nguo na gundi zilizogandishwa, na soli nyembamba ya ngozi isiyofika ukingoni. Aliyeshona viatu vile, nikikutana naye nitamvulia kofia, halafu nitamuuliza ni gundi gani.

Mama yeye anatazama nguo. Wanapojipanga wale weupe ishirini na nne, yeye anapita nao mmoja mmoja. "Hakuna mkunjo. Hata mmoja. Nani anawapigia pasi hawa?" Mtu akikohoa kule kwenye ukumbi, Mama anamwambia pole. Kuhusu suruali ya yule kijana, alitazama pembeni siku mbili nzima. Siku ya tatu akauliza kama hana dada wa kumshauri.

Na Mheshimiwa, aliyekuja eti kulalamika kuhusu muziki unaopenya sakafu, amepewa kiti chake mwenyewe. Anadai anakuja kwa ajili ya kuona haki ikitendeka. Mama anasema anakuja kwa ajili ya yule mweusi anayezunguka, na kwamba amenyoa ndevu.

Sasa salamu. Mchezo ukiisha, pazia linafungwa, halafu wachezaji wanatoka mbele yake, wanakuja mpaka ukingoni, jasho linawatiririka, na wanainama. Yule msichana mkuu anapeleka mguu nyuma, anashuka taratibu mpaka karibu akae sakafuni, kichwa chini, mkono kifuani. Siku ile ya kwanza niliinyanyua rimoti nizime. Mama akanipiga kofi mkononi.

"Huoni mtoto anasalimia?"

Kisha akamjibu yule msichana, kwa sauti ileile anayowajibia watoto wa ghorofa ya chini, "Marahaba, mwanangu."

Akatoka kijana. "Marahaba, baba." Wakatoka wale ishirini na nne, wote wakainama pamoja, na watu ukumbini wakawa wamesimama wanapiga makofi. Mama akatazama huku na huku kama mtu aliyekutwa hajajiandaa. "Watu wazima wameinama namna hii, na mimi nimekaa kama gunia?" Akashika mikono ya kiti. Akainuka.

Kitinda, aliinuka. Alitetemeka, nikamrukia nikashika nguo yake kwa nyuma, akasimama muda wa kuhesabu nane au tisa, akawaitikia waliobaki, akakaa. Mheshimiwa alitoa kitambaa akapenga makamasi kwa kishindo. Mimi nilikwenda jikoni nikafungua bomba bila sababu.

Kwa kuwa mimi ni mvivu, nawe unanijua, siku chache baadaye nilibuni njia ya mkato. Nilipeleka diski moja kwa moja mpaka kwenye salamu. Mama akawatazama wanavyoinama, akawatazama tena, hakuitika wala hakusogea. "Wamefanya kazi gani hawa?" akaniuliza. "Mtu anakuja kusalimia wala hujamwona ametoka jasho. Hao wanataka kitu." Ikabidi nirudishe mwanzo.

Ndiyo ikawa dawa yetu, na bei yake ni saa nzima na dakika zake, kila siku, saa kumi alasiri. Zipo nyingine kwenye boksi, tumezitazama: ya msichana aliyelala usingizi wa miaka mia (Mama alimwonea wivu), na ya mwanasesere wa mbao anayevunja lozi kwa meno. Lakini kwenye salamu za hizo anakaa. Anasema hao hajawazoea. Kwa hiyo nimeitazama ile ya ndege mara thelathini na saba. Nikipiga msumari kibandani, mkono wenyewe unafuata ule muziki. Wateja wanasema kaka yako siku hizi ana furaha, kumbe ni ugonjwa.

Lakini alisimama. Akahesabu ishirini, akahesabu arobaini. Ila hatua hakupiga hata moja. Mguu ulibaki pale ulipo, kama umepigiliwa.

Ikafika siku ya kupimwa, Alhamisi ya mwisho ya mwezi uliopita. Nilikuwa na kiatu cha kuwahisha, nikachelewa kufunga, nikapanda ngazi mbio na aproni yangu kiunoni, mikono ina gundi. Nikawakuta wamekaa tayari: Mama, Mheshimiwa, na dada wa mazoezi na karatasi zake. Diski ilikuwa inaendelea, wameshafika ziwani, mchawi yuko hai bado.

Ikakwama.

Nadhani ilichoka kama mimi. Picha ikakatika vipande kama vigae, yule kijana akabaki na mguu mmoja hewani. Mama akasema, "Mshusheni jamani huyo mtoto, atashikwa na msuli." Mheshimiwa akaitoa diski, akaishika kwenye mwanga kama kielelezo cha mahakamani, akaipulizia, akaifuta kwa tai. Tukaijaribu mara nne. Mara ya tano deki ikaitema yenyewe. Mikwaruzo, Kitinda, tumeitumia mpaka imekwisha.

Dada wa mazoezi akatazama saa. "Mama, tujaribu hivyohivyo."

"Nisimame kwa sababu gani? Nani amenisalimia?"

"Basi shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hiyo ulishaitoa mlangoni, tena umeitoa wima kama mlingoti."

Mheshimiwa alicheka. Mimi sikuweza, maana nilimwona Mama anaanza kupangusa mikono ya kiti. Na dada wa mazoezi naye akafungua kalamu.

Sijui nilifikiri nini. Sikufikiri. Nilijikuta nimesimama mbele ya televisheni, na tumbo langu hili, na aproni yenye gundi. Nikapeleka mguu wa kulia nyuma. Nikaweka mkono kifuani. Nikashuka. Nilikusudia kuishia nusu, lakini goti halikusikia, lililia kama ubao wa boksi la matunda unaobanduliwa, nikafika chini kabisa, kichwa nimeinamisha. "Shikamoo, Mama," nikasema.

Nilivyokuwa nimeinama sikuona chochote ila sakafu, na msumari mdogo uliodondoka kwenye aproni, na kule mbele miguu ya Mama ndani ya zile sapatu nilizomshonea.

Dada wa mazoezi akauliza kwa sauti ndogo, "Na huyu je, Mama? Amefanya kazi?"

Nilisikia kiti kikilia, na ule mkongojo wa hospitali, uliokuwa umelala kando yake muda wote huo, ukagonga sakafu. Ile sapatu ya kushoto ikasogea. Ikatulia. Ikaja ya kulia. Kisha ya kushoto tena. Nilizihesabu zote, zilikuwa sita, mpaka zikafika mbele ya pua yangu, na mkono ukatua kichwani pangu.

"Marahaba," akasema. Halafu, "Kumbe nywele zimekwisha hivi."

Nikataka kuinuka nikashindwa. Goti lilikuwa limejifunga, nadhani liliona huko chini ni pazuri. Akaninyoshea mkongojo. "Shika hapa." Nikashika, akavuta, Mheshimiwa akanikamata ukosi, nikasimama. Tukawa tunatazamana, mimi na Mama, sote wima, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Nilisahau kuwa ni mfupi vile.

"Umechoka," akaniambia.

"Sijambo, Mama."

"Sikukuuliza hujambo. Nimekuambia umechoka."

Mdogo wangu, nilikubali kwa kichwa.

Dada wa mazoezi aliandika anachoandika. Kiti cha magurudumu hakikuandikwa. Kisha akanigeukia akauliza goti hilo limeanza lini, na sasa mimi ndiye niliyepewa mpira wa kubana kila asubuhi.

Ndiyo sababu ya barua hii. Usitafute diski nyingine ya pili, usijisumbue. Imefanya kazi yake, Mama ameitundika ukutani kwa uzi, inametameta. Siku hizi saa kumi ikifika anasimama mwenyewe na kutembea mpaka dirishani akinisubiri nitoke kibandani, na kunigombeza kwa kuchelewa anaanza nikiwa ngazi ya ishirini.

Lakini nimechoka, Kitinda. Nilipaswa kukuambia mwezi wa tatu, na neno hili naliandika leo ili lisiweze kufutika. Omba likizo yako. Usisubiri mwakani. Njoo hata wiki sita, umshike Mama mkono mkizishuka hizo ngazi arobaini na sita, maana hilo ndilo lililobaki, na mimi nilale siku mbili mfululizo pasipo muziki wowote. Nilipomwambia nakuandikia kweli, wala si soli, alinipa ujumbe huu niuandike kama ulivyo: "Mwambie mimi nimesimama. Yeye amekaa wapi?"

Mheshimiwa anakusalimu sana, na anaomba kujua kama hapo maktaba hawana picha ya yule mwenye nguo nyeusi. Dada wa mazoezi naye anasema ile dawa ya kuchua ni nzuri, ila si ya kupakwa na watu wawili. Msalimie mwenzako wa chumba, mwambie akoromee ubavu.

Mungu akulinde njiani na akufikishe miguu yako ikiwa na nguvu. Utaihitaji mlangoni, maana utainama mpaka chini, Mama ameshaapa. Diski ya kwanza, ile yenye sherehe, haina hata mkwaruzo mmoja. Tumeiweka kando hatuigusi. Tabu tumeimaliza, salamu zimeitikiwa. Tunakungoja wewe tuitie kwenye deki.

Wako akupendaye, mwenye goti moja na nusu,

Kaka yako, Fundi.